Familia inapoingia kwenye utumishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mume na mke wanaofikiria kuacha kazi zao, au kuzipunguza, ili waingie kwenye utumishi: uchungaji, uinjilisti, kufungua mtaa mpya wa kanisa, kulea wanafunzi wa Kristo. Mifano ya sheria na shule ni ya Tanzania. Aliye Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi, lakini hesabu na mazungumzo ya nyumbani hayatofautiani sana.

Tutajuaje kwamba ni wito, wala si kuchoshwa na kazi?

Anzeni na swali moja la kuudhi: bosi akikuita kesho akakuongezea mshahara mara mbili na kukuhamishia ofisi unayoipenda, bado utakwenda? Ukisita, usijilaumu, ila usiandike barua ya kuacha kazi pia. Uchovu hutibiwa kwa likizo.

Kisha tazameni mnachokifanya sasa. Barnaba na Sauli walipotengwa kwa kazi katika Matendo 13, hawakuwa wamekaa wakisubiri cheo. Sura ya 11 inasema walikaa Antiokia mwaka mzima wakifundisha watu. Kanisa lilithibitisha kilichokuwa kikionekana tayari. Kwa hiyo ulizeni: kuna mtu yeyote leo anayemjua Kristo vizuri zaidi kwa sababu alikaa mezani kwenu? Mnamtembelea nani asiye ndugu yenu? Kama jibu ni hapana, jipeni miezi 12 ya kufanya kazi hiyo mkiwa kwenye ajira, bila jina la mtumishi, bila kadi wala bango. Mwaka huo utasema mengi kuliko ndoto.

Tafuteni pia watu watatu wanaowafahamu kwa karibu na wasio na faida yoyote mkienda au mkibaki: mzee wa kanisa, mfanyakazi mwenzenu, na mtu mmoja aliyewahi kugombana nanyi. Huyo wa tatu ndiye mwenye maneno ya maana. Na kama wito wote umetokana na unabii wa mhubiri mgeni aliyewaona mara moja kwenye mkutano wa nje, uwekeni kando kwanza mpaka mashahidi wa nyumbani waseme.

Mume anasema ameitwa, mke anasema hajasikia kitu. Tufanyeje?

Msiende.

Jibu hili huwakera wengi, hasa wanaume, kwa hiyo tulieleze. Musa alikwenda kwenye kazi kubwa kuliko ya mtu yeyote kati yetu, na bado Kutoka 18 inaonyesha Yethro, mkwe wake, akimletea mkewe Sipora na wanawe wawili jangwani, kwa kuwa walikuwa wamerudishwa kwao. Mkwe ndiye aliyeiunganisha familia, halafu yeye huyo huyo akamfundisha Musa kugawa kazi. Si ajabu mambo hayo mawili yako katika sura moja.

“Sijaitwa” mara nyingi ni kifuniko. Ndani yake mna hofu yenye jina: ada ya mtoto wa kidato cha tatu, duka la vitenge alilolijenga kwa miaka, mama yake mgonjwa aliye karibu na hapa walipo, au kumbukumbu ya ahadi za mume zilizopita ambazo hazikutimia. Njia inayosaidia: kila mmoja aandike peke yake mambo matano anayoyaogopa na matatu anayoyatamani, kisha mbadilishane karatasi na kusoma bila kujibu siku hiyo. Mjibizane baada ya siku mbili. Hofu inayoweza kupangiwa fedha au tarehe, ipangieni. Isiyoweza, ipelekeni kwa wanandoa wazee wanaoheshimiwa na wote wawili, si kwa mchungaji anayehitaji mfanyakazi.

Na pale ambapo mke ndiye aliyeitwa? Utaratibu ni huo huo. Isipokuwa mjiandae kwamba ndugu wa mume watauliza maswali ambayo wasingeyauliza kama mambo yangekuwa kinyume chake. Mume ndiye ayajibu, si mke.

Uanafunzi ni nini hasa? Si ndiyo kwenda ibada na kwaya?

Ibada hukusanya watu. Uanafunzi ni kumfundisha mtu kuyashika yote aliyoamuru Bwana, kama Mathayo 28:20 inavyosema, na neno zito hapo ni “kuyashika”. Mtu anaweza kuimba kwaya miaka kumi bila kuulizwa hata siku moja kama amemsamehe shemeji yake.

Kwa vitendo, kikundi cha uanafunzi ni watu watatu hadi watano, mbali na kiongozi. Wakizidi sita, wawili huanza kunyamaza. Wanakutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, mahali pamoja na saa ile ile. Wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, maana maungamo ya kweli hayatoki kwenye mchanganyiko, na kijiji kina macho. Kitabu kizuri cha kuanzia ni Injili ya Marko: ina sura 16, sura moja kwa wiki, yaani takriban miezi minne.

Gawanyeni muda hivi. Dakika 25 za kwanza kila mmoja aeleze kama alifanya lile alilosema wiki iliyopita kwamba atalifanya. Dakika 40 someni sura kwa sauti mara mbili, halafu mjibu maswali matatu tu: tumeona nini kuhusu Yesu, tumeona nini kuhusu watu, kuna agizo gani la kutii? Dakika 10 kila mmoja aandike jambo moja atakalolitenda kabla ya kukutana tena, liwe na jina la mtu na siku. “Nitakuwa na upendo zaidi” halihesabiki. “Jumatano nitamrudishia Juma jembe lake na kumwomba radhi” linahesabika. Dakika 15 zilizobaki ombeni.

Kinachoharibika hapa kinajulikana:

Kiongozi anahubiri. Akiongea zaidi ya robo ya muda, kikundi kimegeuka darasa.

Kipindi cha kwanza kinarukwa kwa sababu kinatia aibu. Basi utii unakufa, na kinachobaki ni mazungumzo mazuri.

Wanakikundi wanaanza kukopeshana. Mara deni linapoingia, anayedaiwa haji tena. Wekeni kanuni mapema: shida ya fedha hupelekwa kwa wazee wa kanisa au kikoba, si kwenye kikundi.

Siri inatoka. Likitokea, simamisheni masomo na mlishughulikie wiki hiyo hiyo mbele ya wote waliokuwapo.

Kikundi hakizai. Tangu wiki ya nane kila mwanakikundi awe na jina la mtu mmoja atakayeanza naye Marko baada ya wiki ya 16. Paulo alimwambia Timotheo akabidhi mafundisho kwa watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha wengine nao (2 Timotheo 2:2). Humo mna vizazi vinne: Paulo, Timotheo, waaminifu, na wengine. Kikundi kinachokaa miaka mitatu na watu wale wale kinaweza kuwa urafiki mzuri, lakini msikiite uanafunzi.

Waliokulia kwenye uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, wataona mengi ya haya si mageni. Ndugu walikutana, wakatembea nuruni, wakaungama kwa majina. Nguvu yake ilikuwa hapo, wala haikuhitaji vipaza sauti.

Ibada ya nyumbani iwe ya muda gani?

Dakika 15, baada ya chakula cha jioni, siku tano kwa wiki. Mtoto asome, mwingine achague wimbo, mzazi aulize swali moja. Ikifika dakika 40 watoto wataichukia, na ikitumiwa kutangaza makosa ya mchana (“tunaomba Mungu amsaidie fulani aache uongo”) wataichukia zaidi.

Tuache kazi lini, na tuwe na akiba kiasi gani?

Fanyeni hesabu kwanza, kwenye daftari, wote wawili. Huu ni mfano wa familia ya watu watano katika mji wa mkoa, kwa mwezi. Badilisheni tarakimu kulingana na mahali penu. Kodi ya nyumba 150,000. Chakula 380,000. Umeme, maji na gesi 90,000. Shule 160,000. Nauli 80,000. Kuwatumia wazazi 60,000. Matibabu 50,000. Sadaka 80,000. Vocha na bando 30,000. Jumla 1,080,000. Sasa ongezeni ile ambayo karibu kila familia huisahau: michango ya misiba na harusi, tuseme 120,000. Inafika 1,200,000.

Akiba ya miezi sita basi ni 7,200,000. Chini ya miezi mitatu msiondoke.

Kabla ya kuacha kazi, ishini miezi mitatu mfululizo kwa kipato mtakachokipata kwenye utumishi, na mshahara uliobaki uwekeni akiba. Zoezi hili lina kazi mbili: linajaza akiba, na linawaonyesha watoto maisha yatakavyokuwa wakati bado mnaweza kurudi nyuma. Familia inayoshindwa mwezi wa pili imejifunza kwa bei nafuu.

Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Someni mkataba, kwa kuwa unaweza kutaka zaidi. Dai malipo ya siku za likizo ambazo hukuzitumia pamoja na cheti cha kazi. Ni haki yako hata kama umeacha mwenyewe. Kiinua mgongo cha kisheria, kile cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, kimewekwa kwa anayeachishwa na mwajiri, kwa hiyo usikiingize kwenye bajeti. Vivyo hivyo fao la kukosa ajira: halikuwekwa kwa anayejiuzulu kwa hiari.

Likizo ya mwaka ni siku 28. Itumieni moja yote kukaa mahali mnapotaka kutumika, familia nzima, msimu mbaya wa mwaka: masika kama barabara hukatika, kiangazi kama maji hukauka. Kwenda wiki moja ya Pasaka na kupokelewa kwa pilau hakuwafundishi kitu.

Tuna mikopo. Je, tuondoke nayo?

Mkopo wa benki au SACCOS unaokatwa kwenye mshahara, hapana. Mshahara ukikoma, makato yanahamia kwa wadhamini wako, na wadhamini hao ni wafanyakazi wenzako uliowashuhudia Injili. Maliza kwanza. Orodhesha pia mikopo ya watu uliowadhamini wewe; watu huisahau mpaka simu inapolia.

Mkopo wa elimu ya juu haufutwi na kuacha kazi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukitoka, nenda Bodi ya Mikopo ukapange namna mpya ya kulipa kabla deni halijalala.

Wanaotuchangia tuwapateje bila kuonekana ombaomba?

Kwa kusema ukweli na kuonyesha hesabu. Kwa mfano ule wa 1,200,000, mpango unaweza kuwa hivi: kanisa linalowatuma 300,000, watu wanne wa 50,000, watu 15 wa 20,000, watu 20 wa 10,000, na 200,000 zitoke kwenye kazi ya mikono yenu. Hao ni watu 39. Msitegemee tajiri mmoja. Akifilisika au akikasirika, utumishi wenu umekwisha, na kabla ya hapo atakuwa ameshaanza kuwaambia mhubiri nini.

Kaeni na kila mtu ana kwa ana, dakika 30, na karatasi moja ya bajeti. Semeni kiasi. Kukwepa kutaja kiasi ndiko kunakowafanya watu waahidi kwa furaha na kusahau. Ahadi za ukumbini, zile za kupiga makofi, hesabuni kuwa sifuri mpaka fedha zifike. Kipimo chetu: mchangiaji ni yule aliyetuma miezi mitatu mfululizo. Mkifikisha bajeti kwa wachangiaji wa namna hiyo, ondokeni.

Fungueni akaunti tofauti na ya familia. Mhazini asiwe mke, mume wala ndugu. Kila mwezi tumeni ripoti ya ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kazi iliyofanyika, mambo matatu ya kuombea, pamoja na mwezi ambao hakuna kilichotokea. Msipige picha za watoto wenye matambara wala za watu wakiungama. Na kwenye kundi la WhatsApp msitaje walioshindwa kutoa mwezi huo, hata kwa maneno ya kuzunguka.

Tunaweza kubaki na kazi ya mikono?

Akila na Prisila walishona mahema, wakampa Paulo mahali pa kukaa, na katika Matendo 18 wakamchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Wote wawili, si mume pekee. Kwa familia nyingi hii ndiyo njia yenye afya kuliko zote, ingawa makanisa mengine huiona kama upungufu wa imani.

Chagueni kazi inayoweza kusimama siku moja bila hasara: ushonaji, ufundi seremala, kufundisha masomo ya ziada, bustani ya mboga. Kuku wa nyama ni mtego, maana wanakula kila siku na msiba wa mshirika hausubiri. Wala msiwakopeshe waumini bidhaa. Unayemdai hukukwepa kanisani, na anayekudai wewe humkwepa.

Twende chuo gani?

Inategemea kanisa. Katika KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kwa kawaida mwanafunzi wa uchungaji hutumwa na dayosisi yake. Safari huanzia kwa mchungaji na baraza la wazee wa usharika, kisha jimbo, kisha dayosisi. Ukijilipia mwenyewe ukamaliza, huna hakika ya kupangiwa kazi. Chuo chao cha Makumira, kilichoko Usa River karibu na Arusha, sasa ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Waanglikana wana Msalato huko Dodoma na Mtakatifu Filipo huko Kongwa. Wamoravian wana Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, Mbeya. Kenya kuna St Paul's, Limuru, kilichoanza Frere Town, Mombasa, mwaka 1903.

Ulizeni mambo haya kabla ya kulipa: Kuna nyumba za wanafunzi wenye familia, au mwanafunzi analala bwenini? Mwenzi anaruhusiwa kuhudhuria madarasa? Shahada inatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania? Mafunzo ya vitendo ni miezi mingapi, na anayeyasimamia ni nani? Miaka mitatu ya mume bwenini na mke kijijini imevunja ndoa nyingi za watu waliokuwa wanasoma somo la ndoa. Kama chuo hakina nafasi ya familia, fikirieni elimu ya kitheolojia kwa njia ya masafa, inayosomwa nyumbani na kukutana kwa vipindi.

Shahada za udaktari wa heshima zinazouzwa hotelini kwa joho na picha hazimfundishi mtu kitu. Fedha hiyo nunueni kamusi ya Biblia na kiwanja.

Watoto tuwaandae vipi?

Tarehe kwanza. Mwaka wa shule huanza Januari, kwa hiyo hamieni Desemba. Msimhamishe mtoto wa darasa la saba wala wa kidato cha nne baada ya usajili wa mtihani wa taifa; ameshaandikishwa kwenye kituo chake. Darasa la nne na kidato cha pili pia wana upimaji wa taifa. Ikibidi, mtoto wa mtihani abaki kwa ndugu mpaka amalize, kwa makubaliano ya wazi kuhusu chakula, nauli na simu ya kila Jumapili. Uhamisho wa mwanafunzi wa msingi hupitia PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, hivyo chukueni namba yake ya PREM na barua ya uhamisho kutoka kwa mwalimu mkuu kabla ya kufunga mizigo. Shule ikifungwa, mtahangaika mpaka Januari.

Halafu maneno. Mtoto wa miaka sita anahitaji kujua atalala wapi na nani atakuja naye. Wa miaka 12 ataulizia marafiki. Wa miaka 16 atauliza kwa nini hakushirikishwa, na atakuwa na haki. Mwambieni mapema kuliko mtakavyojisikia tayari, na mpeni jambo moja la kuamua kweli: shule ipi kati ya mbili, chumba kipi, kuku au mbwa.

Kuhusu “mtoto wa mchungaji”: kijiji kitamtazama. Msiongeze mzigo kwa kumwambia “utatuaibisha”. Akikosea, kosa lishughulikiwe nyumbani kama kosa la mtoto yeyote. Msimtumie kama mfano kwenye mahubiri bila ruhusa yake, hata mfano mzuri. Na siku moja ya wiki iwe ya kwao, isiyo na mgeni wala simu. Jumatatu hufaa wengi. Samweli alikuwa nabii mwaminifu, na wanawe walipokea rushwa (1 Samweli 8:3). Biblia haikuificha habari hiyo.

Wazazi wetu walitusomesha wakitegemea tuwatunze. Tuwaambieje?

Huu ndio mlima wa wengi, na mahubiri ya “acha yote unifuate” huupita juu juu. Yesu aliyesema hivyo ndiye aliyewakemea katika Marko 7 watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Na Yakobo na Yohana walipomwacha Zebedayo, Marko anaongeza kwamba walimwacha na watu wa mshahara. Kazi ya mzee haikusimama.

Msipeleke taarifa kwa simu. Nendeni nyumbani, mkamwone kwanza baba mdogo au shangazi anayesikilizwa, mmweleze, aandae njia. Kwenye kikao, baada ya shikamoo na habari, aseme mtoto wa nyumba hiyo, si mkwe: “Baba, Mama, tumekuja kuwaeleza jambo kabla hatujaliamua kabisa. Mlitusomesha, hatujasahau. Tunafikiria kuingia kwenye kazi ya kanisa. Kipato kitapungua. Tulikuwa tukituma laki moja, tutatuma elfu sitini, na haitakatika. Tunaomba mtushauri.” Kisha nyamazeni. Wakikasirika, msitoe mistari ya Biblia. Rudini mwezi unaofuata mkiwa na ile elfu sitini mkononi. Wadogo zenu wanaosomeshwa nanyi wapewe tarehe ya mwisho wa msaada angalau mwaka mmoja mapema.

Bima ya afya na pensheni je?

Msiache pengo. Ulizeni NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) mwezi mmoja kabla ya kuacha kazi, maana kadi za ajira hukoma na ajira. NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) hupokea wanachama wa hiari. Pensheni ya uzee hutaka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mwenye miezi 140 akiiacha ilale anapoteza kitu kikubwa kwa kukosa miezi 40. Kanisa linalokuajiri kwa mkataba lina wajibu wa kupeleka michango kama mwajiri mwingine: asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, mwajiri akitoa angalau nusu. Omba taarifa ya michango kila baada ya miezi mitatu. “Mungu atatutunza” ni kweli, lakini si jibu la mhazini anayekata fedha na kutozipeleka.

Nyumba ya mchungaji inatosha, ya nini kujenga?

Nyumba ile ni ya usharika. Siku ya kustaafu mtapewa mkono wa kwaheri na wiki chache za kuhama. Nunueni kiwanja ndani ya miaka mitano ya kwanza, kiandikwe majina ya wote wawili, na mkijenge polepole. Waumini wakinong'ona kwamba mchungaji anajenga, waonyesheni hesabu. Hamna cha kuficha.

Kazi za mama mchungaji ni zipi?

Zile alizozikubali kwa hiari, ziandikwe. Makanisa mengi huajiri mmoja na kupata wawili: mke anafundisha watoto, anaongoza umoja wa wanawake, anapikia wageni wa dayosisi, bila senti. Akitaka kuendelea na ualimu au uuguzi wake, aendelee. Mshahara wake huenda ndio utakaoishikilia huduma.

Tuanzishe huduma yetu au tujiunge na kanisa lililopo?

Jiungeni, angalau miaka mitatu. Anayeanzisha kwa sababu hakuelewana na mchungaji wake atafundisha watu wake kuondoka kwa namna hiyo hiyo.

Mkianzisha kweli, kanisa husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, likiwa na katiba na viongozi wasio wote wa ukoo mmoja. Na mchungaji mpya asikimbilie kufungisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka awe na leseni, ambayo hushughulikiwa na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla. Bwana harusi akija Jumatatu akitaka ndoa Jumamosi, jibu ni hapana, hata kama ng'ombe ameshachinjwa.

Tunatumwa kwa watu wa lugha nyingine. Kiswahili hakitoshi?

Sokoni na kwenye mkutano kinatosha. Kitandani kwa mgonjwa na kwenye ugomvi wa mume na mke hakitoshi, na huko ndiko mchungaji anakohitajika. Miezi sita ya kwanza jifunzeni lugha saa mbili kila siku kabla ya kupewa mimbari. Watoto watawapita, wafanyeni walimu wenu.

Angalieni pia umbali wa kituo cha afya, usiku, msimu wa mvua. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikuwa wamezikwa. Leo kuna vyandarua vyenye dawa, vipimo vya haraka vya malaria na dawa mseto. Hakuna sababu ya kiroho ya kuviacha mjini.

Ikishindikana baada ya miaka miwili, tunaweza kurudi?

Ndiyo. Yohana Marko aliwaacha wenzake Perge na kurudi Yerusalemu; Paulo na Barnaba wakatengana kwa ajili yake; miaka baadaye Paulo huyo huyo aliagiza aletwe kwa kuwa alimfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11).

Jiandaeni kwa uwezekano huo tangu mwanzo. Katika makubaliano ya maandishi na kanisa, pamoja na posho, nyumba, likizo na NSSF, wekeni kifungu cha tathmini kila miezi 12 na cha namna ya kuachana: notisi ya miezi mitatu, gharama za kuhama ni za nani, ripoti ya mali inakabidhiwa kwa nani. Leseni ya taaluma, kama ni ya uuguzi, uhandisi au uwakili, ihuisheni kila inapotakiwa hata kama hamuitumii.

Mkiamua kurudi, waambieni wachangiaji wenyewe kabla hawajasikia kwa wengine, mrudishe au mwombe ruhusa ya kutumia fedha iliyobaki, na kila kikundi cha uanafunzi kiachiwe kiongozi mwenye jina, aliyekaa na kikundi hicho angalau miezi miwili mkiwa bado mpo.